Upande wa Njia Hakuna Sahihi

Mimi ni mpima ardhi. Kwa miaka mingi sasa nafanya kazi ya urasimishaji kwenye mitaa ya pembezoni mwa Dar es Salaam, ile ambayo watu walijenga kwanza na ramani ikafuata baadaye. Watu wakituona juani na mitambo yetu wanadhani tunahangaika na viwanja. Viwanja havitusumbui sana. Mwenye kiwanja yupo, jirani yake yupo, wakibishana wanabishana mbele yetu, na jioni jiwe la mpaka linasimama. Kinachotuachia viporo mwaka mzima ni njia.

Nianze na karatasi, kwa sababu wanaojadili marekebisho ya sheria za ardhi sidhani kama wamewahi kukaa nayo mkononi. Ukinunua kipande cha ardhi kwenye mtaa usiopimwa, unaandikiana na muuzaji mbele ya mjumbe au kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Karatasi hiyo ya mauziano inataja pande nne: kaskazini amepakana na fulani, kusini na fulani, mashariki, magharibi. Majirani wanaitwa, wanaweka sahihi au dole gumba. Mara nyingi upande mmoja unaandikwa neno moja tu: njia. Hapo hakuna anayesaini. Hakuna upana uliotajwa, hakuna inapotoka wala inapoishia, hakuna anayesema kama ni ya wote au ni ya nyumba tatu za nyuma. Miaka inapita, tunakuja sisi na fomu zetu za kuhakiki mipaka, na mambo ni yaleyale. Upande wenye mtu tunapata sahihi, upande wa njia tunaacha wazi.

Matokeo yake utayajua hata kabla ya kufika. Ukuta hausogei upande wenye mtu, unasogea upande wa njia. Nimepima viwanja vingi ambavyo mauziano yanasema hatua ishirini kwa ishirini, na ardhini nakuta ishirini kwa ishirini na tatu. Zile hatua tatu hazikutoka kwa jirani.

Na njia haifungwi siku moja. Kwanza mtu anachimba msingi ukingoni kabisa mwa mpaka wake. Nyumba ikiisha inataka ngazi, ngazi zinashukia njiani. Kisha shimo la choo, kwa sababu ndani nafasi imeisha, na mfuniko wake unakaa njiani. Kisha meza ya mama anayeuza mboga, kisha kijiwe cha bodaboda, kisha mchanga na kokoto za mwenye nyumba anayejenga kidogokidogo kadiri anavyopata. Kila mmoja amechukua kipande anachoona ni kidogo. Njia iliyokuwa inapitisha lori la tofali inabaki ya bajaji, baadaye ya pikipiki, mwisho ni ya mtu mwenye ndoo kichwani, na akikutana na mwenzake mmoja anajibana ukutani.

Asiyeishi huko anadhani hasara ni ya kupita tu. Njia ndiyo inayobeba bomba la maji na nguzo ya umeme, na wakati wa masika ndiyo mfereji. Ukuta ukikata njia, mita ya maji ya familia ya nyuma inajikuta ndani ya geti la mtu mwingine, na msoma mita anabisha hodi mpaka anachoka. Maji ya mvua yaliyokuwa na pa kushukia yanarudi kwenye vyumba vya watu. Gari la kunyonya maji taka lina mpira wenye urefu wake. Likishindwa kusogea, choo kinajaa, na mwenye nyumba anasubiri mvua kubwa ya usiku akitapishe. Kila kipindupindu kinapoingia mjini tunasikia matangazo ya kunawa mikono na kuchemsha maji. Sijasikia tangazo linalosema fungueni njia ili gari la maji taka lifike.

Zimamoto nao huwa wanalaumiwa kwamba wamechelewa. Mara nyingi hawakuchelewa, wamesimama barabara kuu wakiona moshi. Nimeona jeneza likipitishwa juu ya ukuta wa jirani, wanaume wanne huku na wanne kule, kwa sababu kona ya njia ilikuwa hairuhusu kuligeuza. Nimeona mama mwenye uchungu akibebwa kwenye kiti cha plastiki hadi kwenye gari lililosimama mbali, wanawake wamemzungushia khanga. Wenyeji wa mitaa hii hawashangai. Wanaoshangaa ni wageni wao.

Sasa niseme jinsi nyumba inavyokosa pa kutokea, maana wengi wanadhani watu hao walivamia. Walinunua. Eneo moja ninalolifahamu vizuri lilikuwa shamba la mikorosho la mzee mwenyeji wa huko. Alipoanza kuuza, aliuza nyuma kwanza, bondeni, kwa bei nafuu, akabakiza mbele kwa ajili ya watoto wake. Walionunua nyuma walimuuliza, "Mzee, tutapita wapi?" Akawajibu, "Piteni hapo kwenye mikorosho wanangu, mimi siwazuii." Na hakuwazuia. Walipita wakajenga, wakaleta mabomba, wakazaa watoto waliokulia kwenye njia ile. Mzee akafariki. Warithi wakauza eneo la mbele kwa mtu mwenye uwezo, na kwenye karatasi yake hapakuwa na njia, palikuwa na shamba zima. Alianza ukuta Ijumaa jioni. Jumatatu ofisi ya mtaa ilipofunguliwa, ukuta ulikuwa umeshapita kiunoni. Anayetaka kufunga njia huwachukua mafundi wikiendi au siku ya sikukuu, kwa sababu hakuna wa kumwita wala wa kuandika barua.

Familia za nyuma zilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akaandika wito, mwenye ukuta hakuja. Zikaenda baraza la kata. Baraza la kata zamani lilikuwa linasikiliza mashauri madogo ya ardhi na kuyaamua. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, na likishindwa ndani ya siku 30 mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Naelewa kwa nini Bunge lilifanya hivyo. Wajumbe wa kata hawakusomea sheria, na maamuzi yao mengi yalikuwa yanatenguliwa huko juu kwa sababu akidi haikutimia au mwenendo uliandikwa vibaya. Lakini mgogoro wa nani mmiliki unaweza kusubiri. Watu wanaendelea kuishi wakati wakili anatafuta vielelezo. Mgogoro wa njia hausubiri. Ukifungiwa leo, kesho asubuhi mtoto anatakiwa shule. Sheria yetu imeiweka migogoro hii miwili kwenye foleni moja.

Na hizo siku 30 mwenye ukuta anazitumia vizuri. Usuluhishi si amri, kwa hiyo hakuna kinachomzuia fundi kuendelea. Mpaka shauri lifike wilayani, kuna pingamizi la awali, kuna kuahirishwa, kuna kubadilishana majibu ya maandishi, ukuta umeshapigwa lipu na geti limefungwa. Aliyefungiwa anaweza kuomba zuio la muda, lakini zuio linasimamisha kazi inayoendelea. Kazi iliyokwisha haina cha kusimamishwa.

Niliitwa kutoa ushahidi kwenye shauri la familia za nyuma lilipofika wilayani. Wakili wa mwenye ukuta hakuwa na maneno mengi. Aliniuliza njia hiyo ina namba gani kwenye ramani. Nikajibu haina. Akauliza upana wake. Nikasema unategemea unazungumzia mwaka gani, na kweli ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu picha za satelaiti za zamani zinaonyesha njia pana ya gari na za baadaye zinaonyesha mstari mwembamba. Akauliza nani mmiliki wake. Sikuwa na jibu, na hata leo sina.

Kisha likaja suala la miaka. Sheria yetu ya Ukomo inatambua kwamba mtu aliyepita mahali kwa miaka 20, waziwazi, kwa amani, bila kukatizwa na kwa kuiona ni haki yake, anapata haki ya kupita hapo. Ukisoma unafurahi. Ukija mtaani unaona haiwafikii watu wengi. Kwenye mitaa ninayofanyia kazi, nyumba nyingi zina miaka kumi na mbili, kumi na tano. Na hata aliyetimiza ishirini anakwama kwenye maneno ya mwisho, kwamba alipita kama haki yake. Yale maneno ya mzee, piteni wanangu siwazuii, ambayo wote waliyasimulia kwa machozi kama ushahidi wao mkubwa, ndiyo wakili aliyoyageuza dhidi yao. Ruhusa si haki, alisema. Aliyepewa ruhusa na marehemu hana cha kudai kwa aliyenunua kwa warithi. Wema wa yule mzee ukawa ndio unaowafungia njia, na kisheria hoja hiyo ina miguu.

Wakili wa familia naye alijibu kwa kanuni ya Kiingereza, kwamba anayemuuzia mtu kipande kisicho na pa kutokea huhesabiwa amemuuzia na njia. Kanuni hiyo inaingia kwetu kupitia mlango wa sheria za Uingereza zilizokuwepo kufikia tarehe 22 Julai 1920. Ni kanuni nzuri, inafanana na akili ya kawaida. Lakini fikiria inakaa wapi. Mjumbe anayeandika mauziano kwenye baraza ya nyumba yake hajawahi kuisikia. Dalali hajui. Mtu anaijua kwa mara ya kwanza akiwa ameshafungiwa, amekaa mbele ya wakili, na amelipa.

Familia hazikungoja hukumu. Zilichangishana zikanunua kipenyo kwa jirani wa upande wa pili, cha kupita mtu na mkokoteni. Wameandikiana, majina ya wote yamo, sahihi zimo. Nikawaambia ukweli, kwamba karatasi hiyo inawafunga walioisaini na haijulikani kokote kwingine. Jirani akiuza kesho, mnunuzi atasema hakuiona. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ina sehemu nzima juu ya haki za mtu kupita kwenye ardhi ya mwenzake, na inataka haki hiyo iandikwe na isajiliwe. Ila usajili wa namna hiyo unahitaji hati, na pande zote mbili hapa hazina hati. Sheria ile ile inataja haki ya njia ya umma, ikiwemo ya jumuiya ya watu, inayoombwa kwa Kamishna wa Ardhi, kwa matangazo na muda wa kusikiliza pingamizi. Katika mitaa yote niliyofanyia kazi sijakutana na njia hata moja iliyopatikana kwa utaratibu huo.

Wengine watasema dawa ni urasimishaji, na mimi ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nieleze kinachotokea. Tunaitisha mkutano wa wananchi. Kila mtu anataka barabara. Tukianza kuchora, kila mtu anataka itoke upande wa mwenzake. Tunaanza na mita sita, tunashuka nne, mahali pengine tunashuka mpaka tatu, na hata hiyo tatu inapatikana baada ya vikao vya usiku vya kamati. Fidia hakuna, kwa sababu msingi wa zoezi ni wananchi kuridhia kuachia. Mwenye eneo kubwa anaachia bila kuumia. Mama mmoja mjane alikuwa na kiwanja kidogo pembeni mwa kona, na kona ile isipokatwa gari halikati. Mstari wetu ulipita kwenye jiko lake na choo chake. Akaniambia, "Mwanangu, wote hawa watapita kwa gari. Mimi sina gari, na nitakwenda wapi haja?" Nilitazama kamati. Hakuna aliyekuwa na jibu, na mimi pia sikuwa nalo, kwa sababu hakuna kifungu kinachowalazimisha walionufaika kumchangia aliyeumia. Ingekuwa na akili kabisa nyumba arobaini zitakazopata njia zimjengee mama choo upande wa pili. Mahali pengine watu wamefanya hivyo kwa hiari, na ndipo mahali pekee ambapo nimeona kona ikifunguka bila ugomvi.

Kwa yule mama barabara ilichorwa, ramani ikaidhinishwa, hati zikaanza kutoka. Ardhini jiko liko palepale. Hili ndilo jambo ambalo watu wa nje hawalioni: ramani ya mitaa hii inaonyesha barabara ambazo hazipo. Mawe yamesimikwa kwenye pembe za viwanja, na kati ya jiwe na jiwe kuna choo, kuna mti, kuna ukuta. Benki inaona hati, inaona kiwanja kimepakana na barabara, inatoa mkopo. Mnunuzi anaona ramani yenye mhuri anafurahi. Halafu anakuja na lori la tofali na kukuta kichochoro. Kufungua barabara si kazi ya mpima, mkataba wangu unaishia kwenye kuidhinishwa kwa ramani. TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017 kusimamia barabara za mijini na vijijini, ina mtandao wake wa barabara zinazotambuliwa, na njia ya mita tatu inayohudumia nyumba kumi na mbili si rahisi kuingia humo. Halmashauri inasema ni ya wananchi. Wananchi wanasema ni ya serikali.

Linganisha na barabara kuu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Ukijenga ndani yake unawekewa alama ya X, na kila mtoto anajua maana ya X nyekundu. Wapo waliobomolewa kwa maumivu, na mengi yamesemwa juu ya fidia zao. Simo kwenye ugomvi huo hapa. Ninachosema ni kwamba barabara kuu ina upana uliotajwa kwa sheria, ina mtu wa kuipima, ina rangi ya kupiga ukutani. Njia ya kwenda nyumbani kwa mtu, ambayo ndiyo watu wengi wanaitumia kuliko barabara yoyote, haina kimojawapo.

Usidhani maeneo yaliyopimwa yamesalimika. Kwenye viwanja vya miradi mikubwa, kama ule wa viwanja 20,000 ulioanza jijini mwaka 2002, wapangaji walichora njia za watu wa miguu kati ya viwanja ili mtoto asizunguke mtaa mzima kwenda shule. Nenda kazitafute. Nyingi zimezibwa na majirani wawili wanaopakana nazo, mmoja kapanda maua, mwingine kaweka banda la kuku, na wote wawili watakuambia walifanya hivyo kwa ajili ya vibaka. Siwaiti waongo. Kichochoro chenye giza kisicho na taa wala wa kukifagia kinatisha kweli. Lakini kikishakaa hivyo miaka kadhaa anatokea mtu na mchoro uliobadilishwa, anaomba hati ya kipande hicho, na anapewa.

Pwani ni hivyohivyo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na watu wengi wanaifahamu. Ila ufukwe hauna maana kama huwezi kuufikia. Wavuvi wa upande wa kaskazini mwa jiji wamenionyesha vijia walivyokuwa wakishusha nyavu na mashine za boti, sasa ni kuta ndefu za majumba na hoteli, na mlango wa karibu wa kuingilia pwani uko mbali. Samaki wanabebwa kichwani kwenye jua umbali ambao zamani haukuwepo. Mita 60 zinalindwa kwa sheria. Hatua chache za kufika huko hazilindwi na mtu.

Niliwahi pia kufanya kazi ya mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji mkoani Morogoro, na huko njia inayogombewa ni mapito ya mifugo. Kwenye mpango wa kijiji tunayachora vizuri, yana rangi yake, mkutano mkuu wa kijiji unapitisha. Mawe ya kuyaonyesha ardhini hayawekwi kwa sababu bajeti iliisha kwenye kuchora. Mvua ikinyesha, mkulima anaona ardhi tupu yenye samadi, nani asiyelima? Wakati mwingine halmashauri ya kijiji yenyewe ndiyo imemkatia. Mfugaji anarudi kiangazi na ng'ombe wake kama alivyopita mwaka jana, anakuta mahindi. Ng'ombe hawezi kuelezwa ramani. Wilaya ya Kilosa inakumbuka Desemba 2000, watu 38 walipouawa Rudewa Mbuyuni katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Vyanzo vya migogoro hiyo ni vingi na sitavipunguza kuwa njia peke yake. Lakini kila kijiji chenye mapito yaliyolimwa nilichofika, nilikuta wanaume wamebeba silaha kwenda shamba.

Kwa hiyo nikisikia sheria inarekebishwa, sina ombi la vifungu vingi. Nataka njia ipate mtu wa kuisainia. Sheria iseme kwamba mauziano yoyote ya ardhi isiyopimwa hayashuhudiwi na mjumbe wala mtendaji mpaka njia iandikwe kwa mita, itokako na iendako, na mwenyekiti wa mtaa au kijiji asaini upande huo kama jirani, kwa niaba ya wanaopita. Iseme pia waziwazi, kwa Kiswahili ambacho mjumbe atakisoma mwenyewe, kwamba anayeuza kipande cha nyuma ameuza na pa kupita, aliandika au hakuandika, alimwambia mnunuzi ni ruhusa au ni haki. Kwa kifungu hicho kimoja wale wa kwenye mikorosho wangekuwa na jibu siku ya kwanza.

Kisha kila mtaa uwe na daftari la njia. Simu za kawaida leo zinatoa nukta za mahali kwa usahihi wa mita chache, unaotosha kuthibitisha kwamba njia ilikuwepo, hata kama hautoshi kuweka jiwe. Daftari lisomwe kwenye mkutano wa wananchi, mwenye pingamizi aseme hapo, na nakala iende halmashauri. Barazani liwe ushahidi mpaka mtu athibitishe vinginevyo, ili mzigo wa kuthibitisha ukae kwa aliyejenga ukuta, si kwa aliyefungiwa. Na baraza la kata lirudishiwe kitu kimoja tu: uwezo wa kuamuru njia iliyomo kwenye daftari ifunguliwe kwa muda ndani ya siku chache, huku shauri lenyewe likiendelea wilayani kwa mwendo wake.

Mawakili niliowaeleza haya wananiambia daftari litakuwa soko la rushwa. Mwenyekiti ataandika njia ya mwenye fedha na kufuta ya maskini. Hatari hiyo ipo, siibishii. Lakini rushwa ya sasa haihitaji hata kufuta kitu, maana hakuna kilichoandikwa. Jina lililosomwa mbele ya mkutano ni gumu kulifuta kuliko kumbukumbu ya marehemu.

Na hati zisitoke kabla barabara za kwenye ramani hazijafunguliwa ardhini, hata kama ni kwa kupitisha trekta mara moja na kusimika mawe kwenye njia zenyewe. Hili litachelewesha kazi yangu na malipo yangu. Bado nalitaka.

Mtaa mmoja tulijaribu. Mwenyekiti alikubali, tukanunua daftari kubwa lenye jalada gumu, tukatembea njia kwa njia na wajumbe, tukaandika upana, nukta, majina ya wanaoitumia, na wananchi wakasaini. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 ukaleta mwenyekiti mwingine. Daftari liko nyumbani kwa yule wa zamani, kwa sababu halimo kwenye orodha ya vitu vya ofisi vinavyokabidhiwa. Hivi karibuni mtu kachimba msingi kukatiza njia iliyomo humo. Majirani walilifuata daftari, wakalipeleka baraza la kata. Wajumbe walilisoma kwa makini, wakalipitisha mkono kwa mkono, kisha katibu akanigeukia akauliza ni sheria gani inayolitambua. Nikamwambia kwa sasa hakuna. Wakaandika kwamba usuluhishi unaendelea, wakapanga tarehe nyingine.